Jinsi Watu wa Tanga Walivyotawanyika Babati

Vijana wenzangu wa maktaba, siku ya kuniaga mlinipa daftari jipya na kalamu, mkasema mama andika, usiondoke na mambo yako kichwani. Keki mliimaliza wenyewe kabla sijamaliza kushukuru, hilo nimelisamehe. Mlitaka nieleze nilivyopanda vyeo. Sehemu ya juu kabisa niliyopanda ni ile ngazi ya kufutia vumbi rafu za juu, kwa hiyo tuyaache. Nitawaandikia kosa moja nililolifanya nikiwa mgeni wa kazi, kwa sababu kosa lile lilinifundisha kuliko kozi zote nilizopelekwa baadaye nikapewa vyeti na soda.

Nilianza kazi enzi ambazo Babati bado ilikuwa Mkoa wa Arusha, na maktaba ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha mawili, moja likiwa halifunguki. Mimi ni wa Dareda, binti wa mkulima, na vitabu vingi nilivyokuwa nimeviona kwa pamoja hadi siku hiyo ni vya nyimbo kanisani. Aliyenipokea ni Bwana Temu, mkutubi aliyeletwa kunifundisha kwa miezi miwili kabla hajahamishwa. Siku ya kwanza alinikabidhi droo ya kadi, muhuri wa tarehe, kopo la gundi ya muhogo na sindano ya kushonea magunia. Nikaishika ile sindano, nikadhani ameisahau kutoka kwenye mavuno yake.

“Hiyo ndiyo kazi yenyewe,” akasema. “Kuweka vitabu kwenye rafu hata mbuzi akifundishwa anaweza. Kukishona kitabu kikae miaka mingine kumi, hapo ndipo nitajua nimepata mtu.”

Nilishona. Vidole vilivimba, nikashona. Alinifundisha pia kitu alichokiita kupogoa. Kila Ijumaa unapita rafuni na kwenye makabati, unatoa karatasi zisizo na kazi tena, fomu zilizopitwa na wakati, orodha za zamani, vitabu vilivyoliwa na mchwa visivyoshoneka. Unaziweka kwenye boksi chini ya meza. “Maktaba isiyopogolewa inazaa majani tu,” alikuwa akisema. Alipoondoka nilibaki peke yangu na boksi langu.

Kisha ikaja ile miaka. Wenye umri wangu wanaijua, nyie mnasikia tu. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha na tuliambiwa tujifunge mkanda. Sabuni ikawa habari. Ukisikia sabuni imefika duka la ushirika, unaacha sufuria motoni. Tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, mpaka watoto wakadhani ugali mweupe ni wa harusi. Mama mkwe wangu alifulia majivu, na nguo zilitakata, sisemi uongo, ila zilinuka jikoni. Vitabu vipya vilikoma kabisa. Boksi la mwisho nililoletewa lilikuwa na nakala kumi na mbili za kitabu kimoja cha ufugaji wa kuku, na kuku wenyewe walikuwa wameliwa.

Karatasi nazo ziliadimika. Hapo ndipo anapoingia Nesi Paulina, rafiki yangu, aliyekuwa akigawa dawa kwenye zahanati ya jirani. Dawa zilikuwa zikija kwenye kopo kubwa, bahasha za kuzitilia hakuna. Mgonjwa anapokea klorokwini kiganjani, jasho linaiyeyusha kabla hajafika kwake. Nikamwambia Paulina, mimi nina karatasi za kupogoa, chukua. Tangu siku hiyo kila Ijumaa alikuja na kikapu. Anakata kila karatasi vipande vinne, anatia vidonge katikati, anakunja, anapinda pembe. Kijifuko kinakaa vizuri kuliko bahasha. Nilijisikia raha sana kwamba fomu za serikali hatimaye zinaponya mtu.

Sasa Mzee Athumani. Watu wa mjini walimwita Baba Zuhura, kwa jina la binti yake wa pekee, aliyekuwa akiuza kwenye duka dogo la mzee pale karibu na soko. Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa Tanga, aliyefanya kazi ya ukarani bandarini ujana wake wote, akaja Babati kumfuata kaka yake, kaka akafa, yeye akabaki. Alikuja maktabani kila asubuhi, kofia yake imepigwa pasi, akaketi kwenye dirisha linalofunguka.

“Shikamoo Baba Zuhura.”

“Marahaba, Mama Agnesi. Magazeti yamekuja?”

“Ni yale ya juzi, mzee.”

“Basi lete, na juzi tulikuwa hai.”

Hakuwa akisoma magazeti. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na gazeti aliliweka mbele yake kama mtu anayeweka sahani ili mgeni asijue kwamba chakula hakipo. Nilipogundua nikaanza kumsomea. Na yeye, kwa kunilipa, akaanza kunisimulia Tanga.

Mimi bahari nilikuwa sijaiona. Ziwa letu la hapa na viboko wake lilinitosha. Lakini yule mzee akisema utasikia kamba zinavutwa. Alinieleza habari za Kombo, rubani aliyekuwa akiziingiza meli kubwa bandarini, mtu asiyejua kuandika jina lake, lakini nahodha wa Ulaya hasogei mpaka Kombo apande. Alinieleza habari za shule ya serikali iliyokuwa na mtambo wake wa kuchapa, na Mwalimu Sefu aliyewachapa wanafunzi asubuhi na kuchapa nao vitabu mchana. Kulikuwa na dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali ya kando ya maji, Mbaruku, aliyelala na wagonjwa wa ndui wakati wenzake wamekimbia. Kulikuwa na fundi aliyeshona sare za bendi nzima kwa kitambaa cha matanga yaliyochakaa. Hakuna aliyekuwa liwali wala tajiri. “Maliwali wana mitaa yenye majina yao,” alisema. “Hawa wangu wana mimi tu.”

Siku moja akaja na furushi. Kumbe alikuwa akiwaandika miaka yote. Aliandika nyuma ya fomu za zamani za mizigo za bandarini, fomu zilizofutwa ambazo makarani waliruhusiwa kuzichukua. Kila mtu ana ukurasa wake: alikuwa nani, alifanya nini, wapi. Na chini ya kila ukurasa kuna sahihi ya mwenyewe, au alama ya dole gumba. Kama mwenyewe amekufa, amesaini mtoto wake au jirani. Kila alipokwenda Tanga kusalimia, alizibeba zikasainiwa.

“Kwa nini sahihi, mzee?”

“Karani wa bandari hapokei mzigo bila sahihi. Kesho mtu atasema Athumani amewatunga.”

Nikamuuliza mbona hakuyaandika hayo akiwa kwao, kayaandika huku bara kwa Wambulu na Wagorowa wasiojua hata pweza. Akacheka. “Ukiwa Tanga, Tanga iko nje ya dirisha, unaiandika ya nini? Nilipofika huku ndipo nikaogopa.”

Kurasa za mwisho nilimwandikia mimi, yeye akisema, kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha. Tulipanga nikipata uzi wa katani nizishone ziwe kitabu, tukiweke rafuni, chenye namba yake na kadi yake kwenye droo. Jambo hilo alilitaka kuliko alivyotaka macho yake. Alinitamkia hivyo hivyo.

Kabla sijapata uzi, ikaja operesheni ya wahujumu uchumi. Nyie mmeisoma shuleni, sisi ilitugongea milango. Wenye maduka walikuwa wakipekuliwa, watu wakimwaga sukari mtoni na kutupa vitenge vichakani, wengine wasio na hatia kabisa, hofu tu. Mzee Athumani akanijia amebana furushi kwapani.

“Mama Agnesi, hebu fikiri. Mwenye duka. Nyumbani kwake wanakuta fomu za mizigo za bandari ya Tanga, kibao, na orodha ya majina ya watu na madole yao. Nitawaambia hii ni historia?”

“Hawatakuelewa, mzee.”

“Basi zikae hapa. Hapa ni serikali. Serikali haijipekui.”

Nikazipokea. Kisha nami nikaingiwa na woga: je, wakija hata hapa? Ndipo nikajiona mjanja. Nikalifungua furushi, nikazigeuza karatasi zote upande wa fomu uwe juu, nikazichanganya ndani ya boksi la kupogoa chini ya meza. Mpekuzi gani atahangaika na takataka? Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, ila mimi siku hiyo methali hiyo sikuikumbuka kabisa.

Ijumaa ile sabuni ilifika. Nilisikia kelele za foleni kabla sijanywa chai. Nikafunga droo, nikamwachia Paulina ufunguo kwa mlinzi, na ujumbe wa kila Ijumaa: boksi liko chini ya meza, jisaidie. Furushi la mzee lilikuwa limenitoka kichwani. Nikaenda kupanga foleni mpaka alasiri. Nilipata miche miwili, nikarudi nyumbani nikiimba.

Jumatatu, Mzee Athumani akaja kuketi dirishani. Nikainama kuchukua gazeti, jicho likapita chini ya meza. Boksi tupu.

Nililivuta, nikalipindua. Mzee akauliza, “Wale watu wangu wamelala salama?” Nami, Mungu anisamehe, nikajibu, “Salama, mzee.” Kisha nikamwambia nimebanwa na haja, nikakimbia hadi zahanati.

Paulina alikuwa na foleni ya wagonjwa hadi nje. Malaria ya baada ya mvua. Mkasi mkononi, rundo la vipande mezani. Nikakigeuza kipande cha juu. *...hasogei mpaka Kombo ap...*

“Paulina! Haki ya Mungu, umefanya nini?”

“Nimefanya nini? Si umesema boksi? Na safari hii karatasi zako nzuri, ngumu, hazivuji.”

Nilimnyang'anya rundo mbele ya wagonjwa. Akadhani nimechanganyikiwa. Nilipomweleza akakaa chini, mkasi mapajani, akasema, “Jamani, nimegawa tangu Ijumaa mchana.” Sehemu kubwa ilikuwa bado nzima, na nyingine imekatwa lakini bado mezani. Iliyobaki ilikuwa imekwenda majumbani na klorokwini ndani. Watu wa bandari ya Tanga walikuwa wametawanyika Babati nzima, robo robo.

Kilichotuokoa ni daftari la wagonjwa. Paulina aliandika kila aliyepewa dawa na anakotoka. Nikanakili majina, na kwa muda wa wiki mbili, kila nikifunga maktaba, nikapita mlango kwa mlango. Nilikwenda Bonga kwa baiskeli ya shemeji yangu isiyokuwa na breki. Nilikwenda Singe kwa miguu. Hebu jiwekeni mahali pangu: unabisha hodi kwa mtu usiyemjua, unasalimia, unauliza anaendeleaje, halafu unamwomba karatasi iliyofungia dawa.

Wengine walidhani dawa ilikuwa na kasoro. Mzee mmoja wa Bonga alinifukuzia mbwa akidhani nimetumwa na wapekuzi. Lakini wengi walikuwa wamezitunza, kwa sababu karatasi ni karatasi na hazikupatikana. Nusu ya Mwalimu Sefu niliikuta ndani ya kitabu cha sala. Kipande cha fundi wa sare kilikuwa kimeziba tundu la dirisha. Mbaruku dresa niliambiwa amevutwa na tumbaku, na aliyemvuta aliniomba radhi, akasema lakini alivutika vizuri. Kijana mmoja wa Singe alikuwa amekisoma kipande chake mpaka akakikariri, akaniuliza, “Sasa huyo Kombo ile meli aliiingiza, au ilikwama?” Nikamwambia iliingia. Akafurahi kama ni jamaa yake.

Wakati wote huo Mzee Athumani anakuja kila asubuhi, nami namsomea magazeti na kumdanganya. Njia ya mwongo ni fupi. Wiki ya pili akasema, “Mama Agnesi, nipe ukurasa wa mama yangu.”

“Wa nini, mzee?”

“Nataka kuushika tu. Leo ni siku aliyofariki.”

Mama yake aliitwa Mwanahawa binti Juma. Picha hakuwahi kupigwa. Kaburi lake lilimezwa na barabara mji ulipopanuka. Kitu pekee cha mwili wake kilichobaki duniani ni alama ya dole gumba chini ya ukurasa ule, wino wa zambarau wa muhuri wa bandari. Nilikuwa nayajua hayo. Na nilikuwa na robo tatu za ukurasa ule kwenye droo yangu. Robo yenye dole haikuwemo.

Mficha uchi hazai. Nikafunga mlango wa maktaba, nikaketi mbele yake, nikamwambia yote, boksi, sabuni, mkasi. Sikulia, kwa sababu nilijiona sina haki hiyo. Yeye akapigapiga meza kwa vidole.

“Kwa ajili ya sabuni,” akasema mwishowe.

“Ndiyo, mzee.”

“Ulipata?”

“Miche miwili.”

Akatikisa kichwa. Kisha akasema nimsomee nilizonazo za mama yake. Nikaziunganisha mezani, nikasoma: *Mwanahawa binti Juma, wa Ngamiani. Hakuajiriwa na mtu. Wanawake waliokuwa wakishona magunia kwenye maghala ya bandarini walikatazwa kuingia na watoto. Mama alikaa nao nje ya lango, kwenye kivuli cha ukuta, wachanga na wanaotambaa, kuanzia king'ora cha asubuhi hadi cha jioni. Kila mwanamke aliporudi alimkuta wake. Miaka yote ile hakupotea mtoto hata mmoja.* Hapo kipande kiliishia.

“Na dole?”

“Nalitafuta, mzee. Nitalipata.”

“Litafute,” akasema, akaondoka bila kuaga. Zuhura aliniambia baadaye kwamba siku ile hakula.

Jina moja lilikuwa limebaki kwenye orodha yangu: Elizabeti, mtoto, Nakwa. Paulina alikuwa ameniambia mapema, “Huyo usiende. Hakupona.” Dawa ilimkuta degedege limeshampanda, akafa siku ya tatu. Ndiyo maana nilikuwa nimemruka. Lakini sasa nikaenda, tena mbio, kesho yake mchana, njia ya kando ya ziwa. Kichwani nilikuwa na kitu kimoja tu.

Mama Elizabeti nilimkuta uani anapura maharage. Msichana mdogo kwa umri, macho makubwa. Nikasalimia, nikajieleza, nikauliza karatasi. Hakushangaa. Alifungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akakunjua kipande, akanionyesha kwenye kiganja bila kuniachia. Lilikuwepo. Dole la zambarau, mistari yote inaonekana, na chini yake mwandiko wa mzee: *mama yangu.*

“Ndiyo yenyewe!” nikasema. Nadhani hata nilicheka kwa furaha.

Akaikunja. “Hii siwezi kukupa, dada.”

“Lakini ni mali ya mtu. Kuna mzee anaitafuta.”

“Nilimfungulia humu nusu kidonge cha mwisho. Alikuwa ameishika yeye. Hakutaka kuiachia.”

Nikaendelea kumshawishi. Nilimwambia ni historia, nikamwambia nitamletea karatasi nyingine nzuri zaidi. Mpaka leo nikikumbuka neno hilo, nzuri zaidi, natamani ardhi inimeze. Akarudi kwenye maharage yake. Nikaondoka nimekasirika, nikimwona ni mwanamke asiyeelewa.

Nilimkuta Mzee Athumani dukani kwake, amekaa nyuma ya rafu tupu. Nikamweleza kwamba nimelipata, lakini mwenyewe anang'ang'ania, mtoto wake amefariki na kipande anakitunza, na mimi nitarudi na mjumbe wa nyumba kumi tumwelimishe. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Ulimpa pole?”

Nikaanza tena habari za mjumbe.

“Nakuuliza, Mama Agnesi. Umeingia nyumba yenye msiba. Ulimpa pole?”

“Sikumpa, mzee.”

“Ulikwenda msibani kudai karatasi.” Hakupaza sauti. Kama angenipiga ingekuwa afadhali. “Wewe si umezaa?”

“Nimezaa.”

“Zuhura! Niletee lile kopo.”

Zuhura akatoa uvunguni kopo la mafuta ya kupikia, ndani lina sukari, pengine ndiyo iliyobaki nyumba nzima. Mzee akavaa kanzu safi. Nikamketisha nyuma ya ile baiskeli isiyo na breki, nikaisukuma kwa miguu hadi Nakwa, yeye amekumbatia kopo. Njia nzima hakunisemesha, ila tulipofika penye ziwa aliuliza kama viboko wametoka. Nikamwambia wamo majini.

Mama Elizabeti alipotuona alisimama, akaufumba mkono kwenye pindo la khanga. Mzee akashuka, akapapasa hewa mpaka nikampa bega.

“Mwanangu,” akasema, “mimi ni Athumani wa dukani. Nimesikia msiba wako nikiwa nimechelewa. Pole sana. Pole kwa kumpoteza Elizabeti.”

Nami nikasema pole. Ilinitoka kwa shida, kisha ikanitoka na machozi, nikamshika mikono yule dada nikamwomba anisamehe. Akasema, “Nimeshapoa, dada,” maneno ambayo watu husema ilhali bado. Akatuletea vigoda. Mzee akamkabidhi sukari. Wakaongea habari za mtoto: alianza kutembea lini, alipenda nini, alifanana na nani. Alipenda kukimbiza kuku, na alifanana na bibi yake. Habari ya karatasi mzee hakuigusa hata kidogo. Jua lilikuwa limeanza kuinama aliposimama kuaga.

Hapo Mama Elizabeti mwenyewe akafungua fundo. “Dada aliniambia kuna mzee anaitafuta, kumbe ni wewe, baba. Na hapa pameandikwa mama yangu.” Akamwekea kiganjani.

Mzee akaikunjua taratibu, akanigeukia. “Liko upande gani?” Nikamshika kidole, nikakiweka juu ya lile dole. Akakiacha hapo. Ng'ombe walipita nyuma yetu wakirudi, na mwenye ng'ombe akatuamkia, hakuna aliyeitikia. Kisha mzee akaikunja karatasi kwa mikunjo ile ile ya dawa, akautafuta mkono wa yule mama, akairudisha.

“Weka wewe, mwanangu. Mama yangu alizoea kukaa na watoto wa wenzake mpaka mama zao warudi.”

Kitabu nilikishona mwaka uliofuata, uzi ulipopatikana. Kipo kwenye kabati la vioo, mmekipita mara nyingi. Mzee hakukiona, ila alikishika, akakinusa gundi, akasema kinanuka muhogo. Mtakuta kurasa zenye viraka, na za kina Mbaruku zilizoandikwa upya kwa mwandiko wangu. Kwenye ukurasa wa Mwanahawa binti Juma, pembeni chini, mtakuta pengo la mraba. Mtu asilizibe, wala asiandike kwenye orodha yenu ya mashine kwamba kitabu kimeharibika. Kipande hicho hakijapotea. Kimeazimwa.